Usiku wa Westlands, kuanzia mwisho: mwongozo kamili wa mahali pa kunywa na njia ya kurudi nyumbani

Kila mwisho wa mwezi, mishahara ikishaingia, simu yangu hulia kwa swali lilelile: "Tuko Westlands, twende wapi?" Westlands ni mtaa wa baa na klabu jijini Nairobi, na swali huja saa nne usiku. Watu saba wamesimama kando ya barabara, wawili wana njaa, mmoja alianza kunywa mchana, na kila mtu ana pendekezo lake. Ikifika saa saba wamezunguka sehemu nne, wamelipa kiingilio mara mbili, hawajaketi popote kwa nusu saa, na simu ya mmoja wao imeshakwenda. Jumatatu naambiwa Westlands si kama zamani.

Wanakosea palepale kila mara: wanachagua mahali wakiwa tayari barabarani. Usiku mzuri wa Westlands huamuliwa saa kumi na moja jioni, mkiwa bado na akili zenu zote, na huamuliwa kwa kuanzia mwisho: kwanza mtarudi vipi nyumbani, kisha mtaketi wapi, kisha mtakunywa nini. Fuateni hatua hizi kwa mpangilio huo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka

Kitambulisho chenyewe. Sheria ya vileo ya 2010, ile watu huita sheria ya Mututho, inakataza kumuuzia pombe mtu aliye chini ya miaka 18. Ukiwa na sura changa, baunsa atakusimamisha, na si kila baunsa atakubali picha iliyo kwenye simu.

Simu iliyojaa chaji, na pawabanki moja kwa kundi zima. Simu ndiyo pochi yako, ramani yako na teksi yako. Ikizima saa nane usiku, vyote vitatu vimezima.

Pesa ya usiku huo pekee kwenye M-Pesa. Amua kiasi, zilizobaki zirudishe benki kabla ya kuondoka nyumbani. Pesa ikiisha, Fuliza, mkopo wa M-Pesa, itajitokeza kukuuliza kama ikumalizie. Amua jibu lako ukiwa bado nyumbani, na jibu liwe hapana.

Noti chache za mia na mia mbili. Za soja wa maegesho, za asante ya weita, na za dharura mtandao ukikwama.

Sweta na viatu vya kutembea. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai, ukikaa nje au juu ya paa, baridi itakufukuza kabla ya muziki kuanza.

Mtu mmoja wa zamu. Huyu hanywi, au anakunywa chupa moja na chakula basi. Kazi yake ni kuhesabu watu na kuita teksi. Zamu izunguke kila mnapotoka, isiwe kila siku ni ya yule mpole.

## Hatua ya 1: Panga kurudi kabla ya kwenda

Gari liache nyumbani. Naomba hili lisichukuliwe kama ushauri wa mzazi, kwa sababu ni hesabu. Tusker ya nusu lita ina kileo cha asilimia 4.2, yaani mililita 21 za kileo chenyewe. Ini la mtu wa kawaida huondoa takriban mililita 10 kwa saa. Chupa moja basi inahitaji zaidi ya saa mbili kutoka mwilini. Aliyeanza saa moja jioni na kumaliza chupa nne bado ana kileo damuni saa tisa usiku, hata kama anajisikia yuko sawa kabisa. Kahawa, supu na maji baridi usoni haviharakishi kazi ya ini. Vitakuamsha tu, kisha utaendesha gari ukiwa macho na bado umelewa.

Kwenda ni rahisi. Matatu zote zinazopita Waiyaki Way kuelekea Kangemi, Uthiru, Kinoo na Kikuyu zitakushusha Westlands. Anayetoka Mlolongo, Syokimau au uwanja wa ndege anaweza kuja kwa teksi kupitia barabara ya juu ya kulipia, Nairobi Expressway, iliyofunguliwa 2022, na kutokea Westlands bila kuona foleni ya Mombasa Road. Ijumaa jioni, jaribu kufika kabla ya saa kumi na mbili. Baada ya hapo foleni itakula saa nzima ya usiku wako.

Kurudi ndiko kwenye kazi. Wekeni programu mbili za teksi kwenye simu, kama vile Uber na Bolt au Little, kwa sababu saa nane usiku moja hupandisha bei na nyingine hukosa magari. Kubalianeni nani anaishi upande wa nani: wa Thika Road pamoja, wa Lang'ata na Rongai pamoja, wa Kinoo pamoja. Bodaboda ni ya mchana. Aliyekunywa hawezi kujishikilia sawasawa kwenye kona, na dereva wa boda hawezi kumshikilia.

*Mmefaulu kama* saa kumi na moja jioni kila mtu anaweza kusema atarudi na nani, na saa ngapi.

## Hatua ya 2: Sema mmekuja kufanya nini

Swali la "wapi?" halijibiki mpaka mjibu la "kufanya nini?" Baa inayofaa kwa mazungumzo huwachosha wachezaji, na klabu inayofaa kwa kucheza humnyamazisha aliyekuja na habari zake. Hapa kundi ndipo hugawanyika, kwa hiyo chagueni jambo moja la usiku huo.

Mmekuja kuongea. Labda mwenzenu amerudi kutoka ng'ambo, au dada wa ofisini amepandishwa cheo. Tafuteni baa ya hoteli, tena mapema. Sarabi, iliyo juu ya hoteli ya Sankara pale Woodvale Grove, ina bwawa la kuogelea, hewa safi na mji mzima chini yenu jua linapozama. Bei ni ya hoteli. Mimi huchukua glasi moja, naitazama jioni ikiingia, kisha nashuka.

Mmekuja kula na kunywa, na hamjuani vizuri. Nendeni Nairobi Street Kitchen, Mpaka Road. Ni majiko mengi chini ya paa moja, kila mtu anaagiza anachotaka, na hakuna anayelazimishwa menyu ya mwenzake. Kwa kundi la kazini lenye anayekunywa na asiyekunywa, sijapata mahali panapowaweka pamoja kwa urahisi kama hapo.

Mmekuja kutazama mpira. K1 Klubhouse, Ojijo Road upande wa Parklands. Siku ya mechi kubwa ya ligi ya Uingereza fikeni saa nzima kabla, la sivyo mtatazama migongo ya watu. Kutoka Woodvale Grove hadi huko pandeni teksi, msitembee usiku.

Mmekuja kucheza. Hapo ni Woodvale Grove yenyewe, mtaa ambao wengi huuita Electric Avenue. Havana ni mojawapo ya majina yaliyodumu pale. Kuingia saa mbili ni kulipa pesa za kutazama viti, maana mtaa hupata moto kuanzia saa tano. Sehemu ya kucheza iwe ya mwisho, kamwe isiwe ya kwanza.

Mnaotamani nyama choma, kuleni Kenyatta Market mchana, kisha mje Westlands jioni mkiwa mmeshiba. Nyama ya klabu huja imekauka na bei yake inauma.

Onyo moja: baa za mtaa huu hubadilisha majina na wenyewe mara nyingi, na jina mlilolipenda mwaka juzi laweza kuwa duka la simu leo. Pigeni simu siku hiyohiyo. Ulizeni mambo matatu: kuna kiingilio, kuna meza ya watu wangapi, na jikoni hufungwa saa ngapi. Kumbukeni pia kwamba leseni ya baa ya kawaida huanza saa kumi na moja jioni siku za kazi, na saa nane mchana wikendi na sikukuu. Ukitaka bia ya mchana wa Jumatano, tafuta mkahawa.

Sheria yangu ni sehemu mbili kwa usiku mmoja, na umbali kati yake uwe wa kutembea dakika chache mahali penye taa na watu. Kila safari ya kuhama huondoa mtu mmoja, huongeza kiingilio kimoja, na hapo ndipo simu huibwa.

*Mmefaulu kama* mna jina la kwanza, jina la pili, na saa ya kuhama, na yote matatu yako kwenye kundi lenu la WhatsApp.

## Hatua ya 3: Fikeni mapema, mle kwanza

Chakula tumboni huchelewesha kileo kuingia kwenye damu. Kisiwe chipsi za saa sita usiku baada ya chupa ya tano. Hizo zimechelewa. Kiwe ugali, wali, nyama, maharagwe, kitu kizito kabla ya glasi ya kwanza.

Kufika mapema kuna faida nyingine. Utachagua kiti. Keti ukiona mlango, mbali na spika, mgongo ukutani kama inawezekana, na mkoba mbele yako badala ya nyuma ya kiti. Jua choo kiko wapi na mlango wa pili wa kutokea uko wapi ukiwa bado na akili kamili. Wavutaji waulize eneo lao, kwa kuwa sheria ya tumbaku ya 2007 inaruhusu kuvuta kwenye sehemu zilizotengwa pekee.

Mwulize weita jina lake, umsalimu vizuri, na mhudumiwe na huyohuyo usiku wote. Meza inayohudumiwa na weita watatu huishia kwenye bili ambayo hakuna anayeielewa.

## Hatua ya 4: Agiza kwa hesabu

Weita atakuuliza, "Baridi ama moto?" Wageni hushangaa, lakini Nairobi bia isiyotoka kwenye friji ina wapenzi wake, na hakuna atakayekucheka. Jibu moja kwa moja.

Bia ndiyo rahisi kuhesabu, na kwa mtu anayejifunza kiasi chake naipendekeza kuliko kinywaji kingine. Makosa makubwa hutokea kwenye mzinga. Watu wanne hununua chupa ya mililita 750 kwa sababu inaonekana nafuu, na kwa kweli mara nyingi ni nafuu. Tazama lakini kilichomo. Toti moja ni mililita 30, kwa hiyo mzinga una toti 25. Kwa kinywaji cha asilimia 40, toti moja ina mililita 12 za kileo. Mkigawana sawa, kila mmoja atakuwa amekunywa kama Tusker tatu na nusu, na mzinga huisha haraka kuliko chupa tatu na nusu za bia kwa sababu hakuna anayeona glasi yake ikihesabiwa. Kisha mtu husema, "Tuongeze nusu." Hapo usiku umekwisha.

Mkinunua mzinga, kuna mambo mawili msiyaache. La kwanza, ufunguliwe mezani mbele yenu. Kifuniko kisichoguswa hutoa mlio wa kukatika mara ya kwanza kinapozungushwa. Usiposikia mlio huo, rudisha chupa. La pili, tazameni stempu ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, shingoni mwa chupa. Programu ya KRA iitwayo Soma Label huisoma na kukuonyesha kama ni halali. Pombe bandia si kinywaji cha hali ya chini tu: methanoli ikiwemo hupofusha na huua.

Anayetaka kitu cha Nairobi hasa, aagize dawa. Ni vodka, ndimu, sukari, barafu na asali. Usimwangalie tu mhudumu wa kaunta usoni, angalia mikono yake. Ndimu hukatwa na ganda lake, huwekwa kwenye glasi na sukari, huvunjwavunjwa kidogo, barafu hufuata, vodka humiminwa. Mwishoni huja kijiti kifupi kilichochovywa kwenye asali, na hicho unakizungusha wewe mwenyewe. Ukivuta mara ya kwanza ndimu hukukunja uso. Koroga, subiri kidogo, vuta tena: asali imeshashuka. Ukipewa dawa isiyo na kijiti cha asali, umepewa vodka ya ndimu kwa bei ya dawa.

Kila baada ya kinywaji kimoja, glasi ya maji. Maji hayaondoi kileo, ila yatakupunguzia mwendo, yatakupeleka chooni, na asubuhi kichwa kitakushukuru.

*Umefaulu kama* ukiulizwa wakati wowote "umekunywa ngapi?" unaweza kutaja namba bila kufikiri.

## Hatua ya 5: Linda glasi

Nairobi tuna neno la hili: mchele. Kuwekewa mchele ni kutiliwa dawa ya usingizi kwenye kinywaji. Wanaume huwekewa ili waibiwe, wakitoa namba ya siri ya M-Pesa kwa midomo yao wenyewe bila kukumbuka asubuhi. Wanawake huwekewa kwa hilo na kwa mabaya zaidi. Nimekaa na binamu yangu kwenye benchi la hospitali hadi jua likachomoza kwa sababu ya glasi moja aliyoiacha kaunta akaenda kucheza wimbo mmoja. Naandika sehemu hii nikiukumbuka mkono wake uliokuwa ukiteleza kila nilipoushika.

Usikubali kinywaji ambacho hukuona kikifunguliwa au kikimiminwa. Mtu akitaka kukununulia, mshukuru, mwambie weita akilete kikiwa kimefungwa. Mwenye nia njema hatakasirika.

Ukienda chooni au kucheza, glasi ibaki na mtu wenu. Kama hakuna, imalize au iache kabisa, hata ikiwa imejaa. Bei ya glasi mpya inajulikana.

Dalili ni hizi: mtu aliyekunywa kidogo anakuwa mzito ghafla, ulimi unavuta, miguu haimtii, anasinzia katikati ya kelele. Mkiona hivyo msimwache aende na "rafiki" mliyekutana naye leo, wala msimpeleke nyumbani alale peke yake. Mlazeni kwa ubavu ili akitapika asipaliwe, na mpelekeni hospitali mara moja. Aga Khan na M.P. Shah zote ziko Parklands, dakika chache kutoka hapo. Namba za dharura ni 999 na 112.

## Hatua ya 6: Lipeni mkiwa mnaona

Ijumaa moja, sehemu ambayo sitaitaja, tulikuwa watano, na bili ikaja na Tusker 14. Hakuna aliyepandisha sauti. Tangu chupa ya kwanza tulikuwa tumemwomba weita asiondoe chupa tupu. Zilikuwa zimepangwa ukingoni mwa meza, lebo zote zikitazama upande mmoja. Meneja alikuja, akaziweka kidole moja baada ya nyingine, akafika 11, akarudia, akafika 11 tena. Alichukua karatasi ile, akarudi na nyingine. Tulilipa, tukampa weita asante yake, tukaondoka tukiwa marafiki.

Basi chupa tupu zikae mezani, na kila mkiagiza awamu mpya, mtu wa zamu aandike kwenye simu. Ombeni bili nusu saa kabla ya kuondoka, kabla ya kaunta kujaa.

Lipeni kwa namba ya Till, yaani namba ya M-Pesa ya biashara yenyewe, iliyobandikwa mezani au kaunta. Weita akikupa namba yake binafsi "kwa sababu mashine inasumbua", kataa kwa upole na umfuate kaunta. Kabla ya kuacha malipo yapite, soma jina linalotokea kwenye skrini. Likiwa si la biashara mliyoketi ndani yake, futa. Namba ya siri bonyeza mwenyewe, simu ikiwa mkononi mwako, hata kama anayetaka kukusaidia ni mtu unayemwamini.

Asante ya weita mpe mkononi, kwa noti.

## Hatua ya 7: Ondokeni pamoja

Saa mliyokubaliana ikifika, mtu wa zamu aite teksi mkiwa bado ndani. Subirini mlangoni karibu na baunsa, simu mfukoni. Kusimama kando ya barabara huku skrini inang'aa usoni ni kumwita mwizi wa pikipiki kwa jina.

Teksi ikifika, linganisheni namba ya gari na iliyo kwenye programu, kisha mwulizeni dereva, "Unamchukua nani?" Yeye ndiye ataje jina. Mkilitaja nyinyi kwanza, dereva yeyote atakubali. Anayeshuka wa mwisho atume ujumbe akishafunga mlango wa nyumba kwa ndani, na mtu wa zamu asilale kabla ya kuupata.

Asubuhi, kabla ya chai, soma ujumbe wote wa M-Pesa wa usiku uliopita mmoja mmoja, ukilinganisha na ile orodha ya awamu. Ukikuta pesa zilizokwenda kwa namba isiyostahili, tuma ujumbe huohuo wa muamala kwa 456 bila kuchelewa. Mwenye pesa hizo akishazitoa, kuzirudisha ni kazi ngumu.